Adui Mwombee Njaa, Mwandishi Mwombee Mhogo

Ndugu zangu wa kalamu, leo nimekuja kugombana.

Katika toleo lililopita la jarida letu hili, mwenzetu mmoja alituandikia kwamba shairi haliji kwa mtu aliyeshiba. Mwandishi wa kweli, alisema, huamka kabla ya adhana, huwasha sigara, hunywa strungi kikombe kimoja bila kitafunio chochote, kisha huinamia karatasi yake mpaka jua la utosi. Kula asubuhi ni mambo ya makarani na walimu. Msanii hula mawazo yake.

Makala ile ilipendwa. Kijiweni ilisomwa kwa sauti, na ilipokwisha tukapiga makofi. Na mimi nilipiga. Nilikuwa na strungi yangu mkononi, sigara sikioni, tumboni hamna kitu tangu ugali wa jana yake saa mbili usiku, na nilijiona mwandishi kwelikweli.

Leo nayadai makofi yangu yarudi.

Wazee wetu waliposema adui mwombee njaa hawakuwa wanatania. Walitafuta balaa moja, kubwa kuliko kipigo, kuliko ugonjwa, balaa linalomwangusha mtu bila wewe kunyanyua mkono, wakaiona njaa. Hawakusema rafiki mwombee njaa. Hawakusema malenga mwombee njaa. Sisi vijana tulioshika kalamu tumeupindua msemo: tunajiombea wenyewe, halafu tunaitikia amina.

Tena mjini hapa njaa tumeipa majina ya kuchekesha. Kupiga deshi. Kupiga pasi ndefu, yaani mpira umetoka golini asubuhi ukatua upande wa pili jioni, katikati hakuna aliyeugusa. Jina likishakuwa tamu, jambo lenyewe halitishi tena. Naomba nieleweke: anayepiga pasi ndefu kwa sababu hana hela simcheki, na nitarudi kwake mbele. Ninayemvaa leo ni yule mwenye hela ya mhogo mfukoni, anayeipeleka kwenye sigara, kisha anaiita njaa yake sanaa. Namjua vizuri. Ni mimi wa mwaka jana.

Nitoe ushahidi dhidi yangu kwanza. Mwaka jana nilialikwa kughani shairi langu kwenye usiku mmoja wa mashairi. Beti tisa, tarbia, mizani kumi na sita kila mshororo, zote kichwani, kwa sababu kughani huku umeshika karatasi ni aibu. Siku ile nilipiga pasi ndefu kwa makusudi. Nilitaka sauti itoke kwenye tumbo tupu, maana ndivyo tulivyofundishana. Asubuhi strungi, mchana strungi, jioni sigara mbili. Nikapanda jukwaani. Ubeti wa kwanza ukaenda. Wa pili ukaenda. Wa tatu, hamna. Si kwamba nilisahau neno. Ubeti mzima ulihama nyumba. Kilichobaki ni kibwagizo peke yake, nikakirudia mara mbili kama kasuku, nikanyamaza, nikarukia ubeti wa tano. Nilipoteremka dada mmoja akanipongeza kwa ule ukimya wangu wenye maana. Ukimya gani, dada yangu? Nilikuwa natafuta ubeti.

Sasa mwenye akili ataniambia: bwana wee, tukio moja si ushahidi, huenda ulikuwa woga tu. Kweli kabisa. Ndiyo maana nikaenda kusoma, na nilichokikuta hakikumfurahisha mtu wa upande wowote.

Ubongo ni mlaji mkubwa. Katika mwili wa mtu mzima uzito wake ni asilimia 2 hivi tu, lakini mwili ukiwa umetulia unakula kama asilimia 20 ya nishati yote. Chakula chake kikuu ni sukari ya damu, na kwa siku humaliza kiasi cha gramu 100 hadi 120. Wala haupumziki. Wewe umelala fofofo, wenyewe unaendelea kula na kupanga kumbukumbu za mchana.

Hapo ndipo wahubiri wa lishe wanapoteleza. Mmewasikia. Ujumbe wao unazungushwa kwenye simu kila kukicha: usipokula asubuhi ubongo unasinyaa, unajila wenyewe, unakufa. Uongo mtupu. Ini lina ghala ya sukari, na usiku kucha linaitoa kidogo kidogo. Ghala ikipungua, ini hutengeneza sukari mpya kutokana na protini na vitu vingine vya mwilini. Njaa ikiendelea kwa siku kadhaa, mafuta ya mwili nayo hugeuzwa kuwa nishati ambayo ubongo unaweza kuitumia. Mtu mzima mwenye afya akikosa chai asubuhi moja hafi ubongo. Ingekuwa hivyo, nusu ya abiria wa daladala za saa kumi na moja alfajiri wangeteremka wakiwa maiti.

Hata ule usemi kwamba mlo wa asubuhi ni muhimu kuliko yote, ulizeni ulikotoka. Mwaka 1917 uliandikwa katika jarida liitwalo Good Health, la Battle Creek, jimbo la Michigan, Marekani, na mhariri wa jarida hilo alikuwa daktari John Harvey Kellogg. Ndiyo, Kellogg wa konfleksi. Miaka ya 1920 kampuni ya Beech-Nut, iliyokuwa ikiuza nyama ya nguruwe, ikamkodi fundi wa propaganda Edward Bernays. Yeye akamfanya daktari mmoja awaandikie maelfu ya madaktari wenzake kuwauliza kama mlo mzito wa asubuhi si bora kuliko mwepesi. Wengi wakajibu ni bora, majibu yakapelekwa magazetini, nyama ikanunuliwa. Basi mtu akikuambia ule asubuhi, mtazame kwanza mkononi anauza nini. Mimi siuzi kitu. Hata shairi langu halijanunuliwa.

Baada ya kuwatoa hao uwanjani, kinabaki nini? Kinabaki kitu kidogo, lakini tazameni ni kitu gani. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Marekani, Galioto na Spitznagel, walichapisha tathmini ya majaribio mengi yaliyokwisha kufanywa kwa watu wazima, si watoto wa shule: waliokula asubuhi na ambao hawakula wakapewa mitihani ya kichwa. Kwenye umakini na kuamua mambo, matokeo yaligongana. Jaribio hili linasema ndiyo, lile linasema hapana. Lakini kwenye kumbukumbu, hasa ile ya kuambiwa jambo sasa na kulizwa baadaye, waliokula walikuwa na nafuu. Nafuu ndogo, ila ilijirudia.

Kumbukumbu, jamani! Kati ya vyote vilivyomo kichwani, nafuu imetua palepale tunapochumia riziki. Karani akisahau, ana faili. Mwandishi ana nini? Una sentensi uliyoisikia kwa bibi kwenye kituo cha Mbagala, jinsi alivyolivuta neno lake la mwisho. Una harufu ya chumba cha marehemu babu. Una mwanzo wa hadithi uliokujia ukiwa umening'inia mlangoni mwa daladala, mikono yote miwili imeshika bomba, kalamu haishikiki. Ukifika nyumbani jioni umebaki na nini? Mara ngapi umesema “nilikuwa na wazo zuri sana, limeniponyoka”? Limeponyoka, au ulilifungulia mlango?

Siku zile nilipoanza kula asubuhi nilijaribu mchezo mdogo. Nilikariri ubeti mmoja mgeni kila siku saa mbili asubuhi, na saa kumi jioni nikauandika bila kuchungulia. Siku nyingine nilikula, siku nyingine nilijirudisha kwenye strungi tupu. Beti za siku za kula zilirudi zikiwa na viungo vyote. Za strungi zilirudi zinachechemea. Siwapi hilo kama utafiti, maana nilijua nimekula nini, na mtu anayetaka kushinda ubishi hukariri kwa bidii siku inayomfaa. Nawapa kama mlivyonipa ninyi hadithi za sigara na alfajiri.

Mwenzetu atanijibu: kumbukumbu ni ya kasuku, mimi nataka kina, na njaa ndiyo inayoleta kina. Vizuri. Twende tukaitazame njaa ikiwa kazini.

Mwaka 1944, Vita Kuu ya Pili ya Dunia ikiendelea, mwanasayansi mmoja wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Ancel Keys, aliwachukua vijana wanaume 36 waliokataa kwenda vitani kwa sababu ya dhamiri zao. Walijitolea kufa njaa nusunusu ili ijulikane jinsi ya kuwalisha watu walioteseka vitani. Mwaka 1945, kwa muda wa wiki 24, walilishwa karibu nusu tu ya kile walichozoea, viazi na mikate na makaroni, mpaka wakapoteza kiasi cha robo ya uzito wao. Hawa hawakuwa vibarua waliookotwa barabarani. Walikuwa vijana waliosoma, wenye msimamo, wenye mambo ya kusema kuhusu vita na amani. Kama njaa ingekuwa inaleta kina, hapo ndipo pangechimbwa kisima.

Unajua walianza kukusanya nini? Vitabu vya mapishi. Waliongea chakula, wakaota chakula, wakakaa na sahani moja muda mrefu wakiichezea ili isiishe. Hamu ya mapenzi ikawatoka. Vita na amani, mambo yaliyowafanya wakatae bunduki, yakawachosha. Walilalamika kwamba hawawezi kukaza fikra. Na nisiwadhulumu wapinzani wangu: mitihani ya akili waliyopewa haikuonyesha kwamba akili yenyewe imeshuka. Mashine ilikuwepo, nzima, ila ilikuwa imekodishwa na tumbo. Sasa niambieni, ndugu zangu, hicho ndicho kina? Basi ni kina cha sufuria.

Msomi mmoja kijiweni alinirushia Knut Hamsun, yule Mnorwei, na riwaya yake ya mwaka 1890 ambayo jina lake ndilo hilohilo, Njaa. Nikamuuliza kama ameifikisha mwisho. Kijana wa riwaya ile anapata asubuhi moja ya neema, maneno yanamwagika, na wasomaji wote wenye njaa wanaikumbuka asubuhi ile tu. Baada ya hapo anatafuna vipande vya mbao, anaanza maandishi asiyoweza kuyamaliza, na mwishowe anapanda meli na kuuacha mji. Hamsun ameandika mashtaka dhidi ya njaa. Sisi tunayasoma kama kadi ya mwaliko.

Na kwa nini twende mbali hivyo? Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali, idara ya forodha, mtu wa mshahara. Kezilahabi alikuwa mwalimu wa chuo kikuu. Abdulrazak Gurnah wa Unguja amefundisha chuo kikuu Uingereza kwa miaka mingi kabla ya kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Makarani na walimu! Walewale waliochekwa katika makala ile.

Kuna aliyeniuliza, na wanaofunga je? Swali la haki, na jibu lake liko pwani yote kuanzia Lamu mpaka Kilwa. Anayefunga Ramadhani huamshwa usiku ale daku. Dini inayoijua saumu kuliko kijiwe chetu chote imehimiza daku, ikasema ina baraka. Kufunga kuna nia, kuna mwanzo, kuna mwisho unaojulikana kwa dakika, na kuna futari na majirani. Pasi ndefu haina futari.

Haya, tule nini? Hapa ushahidi ni mwembamba na nausema hivyohivyo ulivyo mwembamba. Majaribio yaliyolinganisha aina za mlo wa asubuhi si mengi, na yanaelekea kusema kwamba mlo unaopandisha sukari ya damu polepole ni afadhali kuliko ule unaoipandisha kwa kishindo. Sasa tazama meza yetu. Andazi ni unga mweupe wa ngano, sukari na mafuta. Chai yenyewe ina vijiko vitatu, kwa wengine vinne. Saa nne umechangamka kama mpiga debe, saa tano na nusu unasinzia juu ya ukurasa. Sisemi andazi ni haramu. Andazi ninalipenda, na la iliki nitalitetea mbele ya mtu yeyote. Ila lisiwe peke yake. Liwe na mbaazi za nazi pembeni, kama wanavyofanya watu wenye adabu. Mbaazi, maharage, kunde, hizo sukari yake inateremka taratibu. Mhogo wa kuchemsha na maharage. Kiazi kitamu na karanga. Uji uliotiwa karanga za kusaga. Yai, kama lipo. Supu ya mbuzi na chapati ni ya wenye nacho, tusidanganyane.

Na kiporo. Mnakionea aibu, mgeni akibisha hodi mnakifunika. Wali wa jana ukishapoa, sehemu ya wanga wake hubadilika ukawa haumeng'enywi haraka, hata ukiupasha moto sehemu yake hubaki hivyo. Mradi haujachacha, wali na maharage wa jana ni mlo wa mwandishi kuliko hayo maboksi ya Michigan. Bibi zetu walitulisha kiporo kabla ya shule, nasi tukadhani ni umaskini tu.

Lakini jambo lililonifanya niandike makala hii kwa hasira ni chai yenyewe, na aliyenifungua macho ni dada mmoja wa kundi letu, mwandishi wa hadithi fupi ambaye mimi simfikii. Tulianza kumwona anasinzia mikutanoni. Anasoma mstari mmoja mara tatu. Hadithi aliyoianza Machi ikawa haijafika popote Julai. Sisi wanaume, na busara zetu, tukasema kipaji kimemkauka, au ana mchumba. Alipopimwa, damu ilikuwa chini mno. Dada huyu aliiamini makala zetu za strungi kuliko sisi tulioziandika: asubuhi chai kavu, mchana mchicha na ugali akishushia chai ya rangi, usiku chai tena.

Sikilizeni. Chai ya rangi ikinywewa pamoja na chakula huyabana madini ya chuma yaliyomo kwenye mboga, nafaka na maharage yasiingie mwilini vizuri. Upungufu wa damu una sababu nyingi, malaria na minyoo zikiwemo, lakini kukosa madini hayo ni sababu mojawapo kubwa. Katika utafiti wa afya wa kitaifa wa Tanzania wa mwaka 2015 na 2016, wanawake 45 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikutwa na upungufu wa damu. Karibu nusu! Na mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio lao kwa wanawake wa miaka 18 hadi 35: waliokuwa na upungufu wa madini ya chuma, walipopewa dawa na madini yakapanda, walipanda pia kwenye mitihani ya umakini, ya kujifunza na ya kumbukumbu. Hapo hatuzungumzii nafuu ndogo tena. Tunazungumzia dada aliyeketi mbele yetu miezi minne akisinzia, nasi tukimhukumu kwa kipaji.

Dawa ya chai ni rahisi mpaka inaudhi. Kula kwanza. Chai isubiri saa moja. Kwenye maharage kamulia limau, au malizia na chungwa, kwani uchachu wa matunda hayo husaidia madini kuingia. Anayesinzia hivyo aende akapime, asisubiri ushauri wa washairi. Dada yetu alipewa vidonge, akaisogeza chai yake mpaka saa nne. Hadithi ya Machi ilimalizika Oktoba, na mhariri akiwa muungwana mtaisoma humuhumu.

Sisemi chai iachwe. Mtu wa mji huu aache chai, aende wapi? Kafeini inaamsha, hakuna ubishi, na saa tano baadaye karibu nusu yake bado imo mwilini. Ila Kiswahili chetu kimetuponza kidogo. Tunamuuliza mtu “umekunywa chai?” tukimaanisha amekula. Naye anajibu nimekunywa, na anasema kweli: kikombe, maji, majani, sukari, basi. Hata wazee wa kahawa chungu barazani wanajua kuweka kipande cha kashata kando ya kikombe.

Nilisema nitarudi kwa asiye na hela. Huyu hana uchaguzi wa kifungua kinywa; ana alfajiri, nauli, na hesabu isiyotoshea. Kule Tamil Nadu, India, watafiti waliwapima wakulima 464 wa miwa, watu walewale, kabla ya mavuno mfuko ukiwa mtupu na baada ya mavuno mfuko ukiwa na kitu. Utafiti ukachapishwa mwaka 2013. Kabla ya mavuno walifanya vibaya zaidi katika mitihani ya kufikiri. Maelezo ya watafiti ni kwamba kuwaza hela kunakula nafasi ya kichwani hata kabla tumbo halijasema neno. Kwa hiyo kijana wa Tandale anayeandika bila kula amebeba magunia mawili: tumbo lake, na hesabu ya tumbo lake. Akiandika ubeti mzuri, ameuandika licha ya njaa. Sisi tunamwendea na makala ya kumwambia kwamba ni kwa sababu ya njaa. Huko ni kumtukana.

Na ni nani anayefaidika na tusi hilo? Hebu tujiulize. Mwaka juzi tulialikwa kwenye warsha ya waandishi chipukizi, ukumbi mmoja hapa jijini, jina lake nalihifadhi. Tuwepo saa mbili kamili. Wengine walitoka Gongo la Mboto na Bunju, maana yake waliondoka nyumbani saa kumi na moja. Mgeni rasmi alifika saa nne na nusu. Meza kuu ilikuwa na maji ya chupa, sambusa, korosho na maua. Sisi tulikuwa na kalamu zenye jina la mfadhili. Saa saba mwezeshaji akatuuliza swali kuhusu alichokisema asubuhi, ukumbi mzima kimya. Akakasirika. Akasema vijana wa siku hizi hawana kumbukumbu, simu zimewaharibu. Kijana mmoja nyuma akanyoosha mkono akauliza chakula ni saa ngapi. Watu wakacheka. Mwandaaji akashika kipaza sauti, akatabasamu, akasema jambo ambalo nimelisikia tena na tena tangu siku ile: waandishi wakubwa wote walipitia njaa.

Alilitoa wapi? Kwetu. Ni sisi tunaomwandikia. Kila tukisifia tumbo tupu, tunamsaidia mchapishaji asiyelipa, mwandaaji anayepanga bajeti ya maua na kusahau mihogo, mhariri anayekuambia malipo yako ni jina lako kuonekana. Wanasoma makala zetu, wanapumua. Kumbe hawa watoto wanapenda.

Mimi sipendi tena. Nimemwambia mwenzetu aliyeandika makala ile, uso kwa uso, kabla ya kuileta hii kwa mhariri. Alisikiliza, akavuta sigara yake mpaka kichungi, akaniambia nimekuwa mzee. Huenda.

Jumamosi kundi linakutana palepale, chini ya mwarobaini, saa mbili asubuhi. Nimekwisha ongea na mama anayeuza pale kona. Nilimwamkia, nikamwambia, mama, tutakuwa watu kumi na wawili, tunataka mhogo wa kuchemsha na maharage, chai ije saa tatu. Akaniuliza, “Ninyi si ndio mnaokunywaga strungi tupu, mwanangu? Leo kuna nini, harusi?” Nikamwambia hapana mama, tunaandika tu. Tumechanga, na ambaye hakuwa nacho amechangiwa, majina hayatajwi. Anayetaka kuja na tumbo lake tupu aje, kiti chake kipo. Mhogo wake tutaugawana.